Enontekiö: jina lililohama na kanisa

Kwa Kifini, *eno* ni mjomba. Si amu: amu ana neno lake, *setä*. Eno ni ndugu wa kiume wa mama tu, na sisi wa Kiswahili hatuhitaji kufafanuliwa tofauti hiyo. *Tekijä* naye ni mtendaji, yule anayetengeneza kitu, na *tekiö* ni umbo jingine la neno hilohilo. Kwa hiyo Enontekiö, jina la halmashauri ya vijijini iliyoko kaskazini-magharibi kabisa mwa Finland, ukilivunja kwa haraka linasema "mtengeneza mjomba".

Nashughulika na majina ya mahali, na sijapata jina linaloonyesha vizuri kuliko hili kwa nini kamusi peke yake haitoshi. Lazima ufungue ramani.

Ukiifungua, utaona mito miwili ikishuka kutoka kaskazini: Könkämäeno, unaotenganisha Finland na Sweden, na Lätäseno, unaopita ndani ya Finland. Yote miwili inaishia na *eno*, na hapo hakuna mjomba. Hii ni eno nyingine, ndugu wa neno *eatnu* la Kisami, lugha ya Wasami, wenyeji wa asili wa kaskazini, yaani mto mkubwa, mto mkuu wa nchi unaopokea mingine yote. Wasami wanaiita mito hiyo Geaggáneatnu na Leahttáseatnu. Inakutana mahali paitwapo Markkina, juu kidogo ya kijiji cha Karesuvanto, na kuanzia hapo inakuwa mto mmoja, Muonionjoki, unaokwenda kusini kuungana na Tornionjoki hadi Ghuba ya Bothnia. Enontekiö, basi, ni "mtengeneza mto mkuu": pale ambapo mito miwili inaungana na mto mkubwa unazaliwa. Ni maelezo sahihi ya jiografia, mafupi kuliko ambavyo ningeweza kuyaandika mimi.

Tatizo ni kwamba makao makuu ya Enontekiö hayako hapo. Yako Hetta, mashariki, kando ya ziwa na mto mwingine kabisa. Jina lilifikaje huko?

Lilifuata kanisa. Katika nchi za kaskazini, parokia ndiyo iliyokuwa utawala: ilihesabu watu, iliandika vizazi na vifo. Jina la parokia lilikuwa jina la nchi, na jengo lilipohamishwa jina lilihama nalo. Kanisa la kale la Wasami wa eneo hili lilikuwa Rounala, ambayo leo iko Sweden. Katika karne ya 17 likahamia Markkina, kwenye makutano ya mito, mahali ambapo jina lake lenyewe ni soko: *markkina*. Wafugaji, wakulima na wafanyabiashara walikutana pale wakati wa baridi, mito inapoganda na kuwa barabara.

Kisha ukaja mwaka 1809. Sweden ilishindwa vitani na Urusi, ikaiachia Finland, na mpaka mpya ukapitishwa katikati ya maji: Tornionjoki, Muonionjoki, Könkämäeno. Mto uliokuwa njia kuu ya parokia moja ukawa ukuta kati ya milki mbili. Watu waliosali pamoja wakajikuta ni raia wa wafalme tofauti. Upande wa Sweden ukabaki na Karesuando yake, kijiji kinachotazamana na Karesuvanto ng'ambo ya mto. Upande wa Finland kanisa likasogezwa mwaka 1826 hadi Palojoensuu, na mwaka 1864 hadi Hetta, ambako jina Enontekiö linakaa mpaka leo. Kanisa la Hetta lenyewe lilichomwa na majeshi ya Ujerumani yaliyokuwa yakirudi nyuma mwaka 1944, na hili linaloonekana sasa ni la mwaka 1952.

Mpaka uliwaumiza wafugaji zaidi ya wote. Reinda, kulungu wa nchi za baridi, hafugwi mahali pamoja. Majira ya baridi anakaa bara, penye misitu, akila likeni, uoto mfupi unaofunika ardhi na mawe, chini ya theluji. Kiangazi anakwenda kwenye milima na pwani ya Norwei, penye upepo unaofukuza mbu. Mwaka 1852 mpaka wa Norwei ulifungwa kwa mifugo, na mwaka 1889 ule wa Sweden. Koo zilizokuwa zikihama kwa vizazi zikalazimika kuchagua nchi. Ukiangalia ramani ya Enontekiö na umbo lake la ajabu, ule ukanda mrefu mwembamba uliobanwa kati ya Sweden na Norwei, unaangalia kazi ya mipaka hiyo. Wafini huuita Käsivarsi, yaani mkono, kwa sababu wanaiona nchi yao kama msichana aliyeinua mikono. Mkono wa pili, Petsamo, ulikatwa mwaka 1944 ulipochukuliwa na Umoja wa Kisovyeti.

Halmashauri hii ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 8,400. Unguja na Pemba zinaingia humo mara tatu na nafasi inabaki. Wakazi ni kama 1,800. Kilpisjärvi, kijiji cha mwisho mkononi, jua halizami kwa miezi miwili hivi, kuanzia Mei hadi Julai, na katikati ya majira ya baridi halichomozi kabisa kwa wiki kadhaa.

Nchi yenye watu wachache hivi ungetarajia iwe na majina machache. Ni kinyume. Mfugaji anayemtafuta mnyama wake kwenye ukungu anahitaji jina la kila kilima, kila tope, kila mahali panapovukika. Majina mengi ya kwanza ni ya Kisami, na Wafini waliofika baadaye waliyapokea kwa njia tatu: walitafsiri, waliandika walivyosikia, au walifanya nusu kwa nusu. Hiyo ya tatu imezoeleka, na Karesuvanto ni mfano mzuri. Kisami kinasema Gárasavvon. *Savvon* ni sehemu ya mto ambapo maji yametulia kati ya mikondo ya kasi, na Kifini kinaiita *suvanto*. Mwisho umetafsiriwa, mwanzo umebaki na sauti yake.

Kusoma majina haya kunataka uanzie nyuma, maana Kifini kinaweka kitu mwishoni na sifa yake mbele. Leppäjärvi: järvi ni ziwa, leppä ni mti unaopenda kingo za maji. Peltovuoma: pelto ni shamba, vuoma ni bonde pana la kinamasi, neno lililotoka kwa Wasami. Palojoensuu: suu ni mdomo, joen ni "wa mto", palo ni mahali palipoungua. Ni mdomo wa Mto wa Moto, na inapendeza kuona kwamba nao pia wameupa mto mdomo. Pyhäkero: kero ni mlima wenye kipara, usiootesha miti juu, na *pyhä* leo ni takatifu. Wapo wataalamu wanaosema kwamba zamani pyhä ilikuwa alama ya mpaka, mahali palipotengwa, kabla Ukristo haujalichukua neno. Mimi nakubaliana nao, kwa sababu majina yenye pyhä huko kaskazini na kusini huonekana mara nyingi kwenye kingo za maeneo ya watu, si katikati yao.

Wakati mwingine lugha mbili zinarundikana bila kujua. Mto Tenojoki, mashariki zaidi, ni Deatnu kwa Kisami, yaani mto mkuu. Wafini wakaongeza joki, mto. Ni kama sisi tunavyosema Ziwa Nyasa, na nyasa kwa Kiyao ni ziwa.

Mlima Halti, wenye mita 1,324, ndiyo sehemu ya juu kuliko zote Finland, lakini si kilele: ni ubavu tu wa mlima ambao vichwa vyake viko Norwei. Finland ilipokaribia miaka 100 ya uhuru, mpima ardhi mmoja mstaafu wa Norwei alipendekeza mpaka usogezwe kidogo ili jirani apewe kilele kama zawadi. Watu wengi wa nchi zote mbili walifurahia. Oktoba 2016 waziri mkuu Erna Solberg alikataa, kwa kuwa katiba ya Norwei inasema ufalme haugawanyiki. Niliposoma habari hiyo nilifikiri juu ya wale wafugaji wa 1852, ambao mpaka huohuo haukuwauliza kitu.

Ukienda Hetta, teremka hadi ziwa Ounasjärvi, chini ya kijiji. Maji yanatoka hapo na kuwa Ounasjoki, kilomita 300 hivi hadi Rovaniemi, ambako unaingia Kemijoki. Mwaka 1983 Bunge lilitunga sheria ya kuukinga usijengewe mabwawa ya umeme, nao hadi leo unatiririka bila kuzuiwa. Jina lililoletwa na kanisa kutoka Markkina, mbali upande wa magharibi, limekuta hapa mto mwingine mkubwa unaozaliwa.