Pilipili manga ya Muziris: kazi kubwa ilikuwa mtoni

Biashara ya kale kati ya India na Waroma husimuliwa zaidi kwa habari za bahari: pepo za msimu, manahodha wa Kigiriki, meli kubwa kutoka Misri. Mimi naanza mtoni, Periyar, huko Kerala, kusini-magharibi mwa India, kwa sababu bandari ya Muziris iliishi kwa mto huo.

Pilipili manga (Manga kwetu ni Uarabuni, jina limeshika njia iliyopitia, si shamba ilikoota) ni mmea unaotambaa juu ya miti kwenye miteremko ya milima. Vishada huchumwa vikiwa kijani, punje moja mbili zikianza kuiva, kisha huanikwa juani siku kadhaa mpaka ziwe nyeusi na kukunjamana. Kilo 100 mbichi hutoa kama kilo 33 kavu. Ikifungwa gunia kabla haijakauka sawasawa huota ukungu, na safari ya kurudi Misri ni ya wiki nyingi.

Ugumu mwingine ni kalenda. Meli ziliondoka Berenike na Myos Hormos, bandari za Misri kwenye Bahari ya Shamu, mnamo Julai, zikavuka na kusi, na zilitakiwa kung'oa nanga India Desemba au mapema Januari, kaskazi ikivuma. Lakini mavuno ya Malabar, yaani pwani hiyo ya Kerala, huanza mwishoni mwa mwaka na kuendelea hadi Februari au Machi. Mgeni anataka kuondoka wakati mzigo mpya ndiyo kwanza unaanikwa! Kwa hiyo naamini sehemu kubwa ya shehena ilikuwa imekaa ghalani tangu msimu uliotangulia, na mwenye ghala ndiye aliyekuwa na sauti kwenye bei. Mgeni aliyekosa kaskazi alingoja mwaka mzima, na wenyeji walilijua hilo.

Kuna pia suala la kina cha maji. Periplus, mwongozo wa wafanyabiashara wa karne ya 1 ambao pia unaeleza Rhapta, bandari ya kale ya pwani yetu, unaiweka Muziris kama stadia 20 kutoka baharini kwa njia ya mto, yaani karibu kilomita 4. Plinius, mwandishi wa Kirumi wa karne hiyo hiyo, analalamika kwamba meli zilitia nanga mbali na nchi kavu, mizigo ikapakiwa na kupakuliwa kwa matishali, tena maharamia hawakuwa mbali. Anataja pia pilipili ikiletwa katika bandari jirani ya Becare kwa mitumbwi ya gogo moja. Huko Pattanam, ambako wengi wanaamini ndiko Muziris ilikokuwa, uchimbaji ulioanza 2007 umetoa vipande vya mitungi ya divai ya Kirumi na mtumbwi wa takriban mita 6, wa mti wa jamii ya mfenesi.

Wageni walileta nini? Kwanza kabisa fedha taslimu, halafu marijani, kioo kibichi, shaba, bati, risasi na divai kidogo. Ngano ililetwa ya kuwatosha wageni wenyewe tu, maana wafanyabiashara wa pale hawakuitumia. Na fedha yenyewe haikupokelewa kiholela: mwaka 64 Kaisari Nero alipunguza madini ya fedha kwenye dinari, sarafu ya Kirumi, na hazina zinazofukuliwa kusini mwa India zimejaa dinari za zamani, za Augusto na Tiberio, makaisari waliomtangulia.

Mzigo ulipofika Misri, serikali ilichukua ushuru wa robo. Mkataba wa mkopo wa karne ya 2 ulioandikwa kwenye mafunjo unataja meli Hermapollon, iliyorudi kutoka Muziris na vyombo 60 vya nardo (mmea wa manukato) ya Ganges pamoja na pembe za ndovu.

Baadhi ya pilipili haikuvuka hata jangwa lililo kati ya bandari hizo na mto Nile. Katika hekalu la mungu Serapis, huko Berenike, mtungi wa Kihindi ulikutwa ungali na kilo 7.5 hivi za pilipili manga. Kwa bei ya Plinius ya dinari 4 kwa ratili ya Kirumi (gramu 327 hivi), ni pilipili ya dinari 92.