Kodi ya umma na shule za dini: tuanzie kwenye mkataba

Kila Bunge la bajeti linapoketi hapa Dodoma, sisi tunaoshughulika na fedha za elimu huulizwa kama ni haki kodi ya wananchi wote igharamie shule binafsi zinazomilikiwa na taasisi za dini. Wengi wanaouliza hudhani kwamba mlango huo umefungwa kabisa, kumbe sivyo. Ibara ya 19 ya Katiba ya mwaka 1977 inaweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi, lakini haijaizuia Serikali kushirikiana nazo katika huduma. Hospitali ya Mvumi, wilayani Chamwino, ni ya Kanisa Anglikana, na kwa miaka mingi imetumika kama hospitali teule, yaani ikitoa huduma za hospitali ya wilaya kwa makubaliano na Serikali. Chuo Kikuu cha St. John's, cha kanisa hilohilo, hupokea wanafunzi wanaolipiwa ada na Bodi ya Mikopo.

Hata hivyo, mfano wa hospitali hauhamishiki kirahisi. Mgonjwa akifikishwa Mvumi usiku, haulizwi anasali wapi, lakini shule huchagua wanafunzi wake. Ukisoma fomu ya kujiunga ya shule ya dini, mara nyingi utakuta baada ya shuka, ndoo na godoro kuna kitabu cha dini cha kununua na ibada ambayo kila mwanafunzi atahudhuria. Mmiliki ana haki ya kuweka masharti hayo kwa fedha za waumini na za wazazi. Fedha ikiwa ya hazina, mzazi wa Kongwa asiye wa dini hiyo anakuwa amechangia darasa ambalo mwanawe hawezi kuketi bila kubadili ibada.

Ufaransa, inayosifika kwa kutenga dini na dola, ilipitisha mwaka 1959 sheria inayoiruhusu dola kuwalipa walimu wa shule binafsi, nyingi zikiwa za Kikatoliki, kwa sharti kwamba zifuate mtaala wa taifa, zipokee watoto wa imani zote na ziheshimu dhamiri zao. Msimamo wangu uko karibu na huo: tulipie huduma inayotajika kwa jina, tuseme mwalimu wa fizikia, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali afike hadi kwenye vitabu vya mapato na matumizi vya shule. Seminari zinazoandaa viongozi wa dini zisiwemo. Tena, wakati ruzuku ya mwanafunzi wa sekondari ya Serikali imepangwa kuwa shilingi 25,000 kwa mwaka, sioni sababu ya shule yenye ada kutangulia kwenye foleni.

Makubaliano ya mwaka 1992 kati ya Serikali na makanisa kuhusu afya na elimu yamelalamikiwa sana na Waislamu kwamba yanayapendelea makanisa, na hoja yao ina uzito, kwa kuwa ruzuku inayofuata majengo humnufaisha zaidi aliyetangulia kujenga.

Majengo yenyewe ndiyo kifungu kigumu kuliko vyote. Eneo la St. John's lilikuwa shule ya misheni, likataifishwa na kuitwa Mazengo, kisha likarudi kwa kanisa. Kwa hiyo, Serikali ikijenga maabara kwenye kiwanja chenye hati ya kanisa au ya msikiti, mkataba lazima useme, kabla ya mfuko wa kwanza wa saruji kushushwa, maabara hiyo ni ya nani siku ushirikiano utakapovunjika.