Je, wajua kwa nini mtoto husahau picha tano lakini hukumbuka hadithi yake?

Mwoneshe mtoto wa miaka mitano picha za fisi, ngoma, kisima, mvua na bibi, moja moja, kisha uzifunike. Mara nyingi atasahau baadhi yake. Sasa zifunge kwenye kisa: fisi kaiba ngoma, kaiangusha kisimani, mvua ikanyesha hadi kisima kikafurika, ngoma ikaelea mpaka mlangoni kwa bibi. Mara nyingi zote tano zitarudi, na kwa mpangilio wake.

Katika hadithi kila tukio hulivuta linalofuata. Ngoma isingeelea kama kisima hakikufurika, na kisima kisingefurika bila mvua. Mwaka 1969 Gordon Bower na Michal Clark wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliwapa wanafunzi orodha 12 zenye maneno 10 kila moja. Waliotunga kisa kwa kila orodha walikumbuka takriban asilimia 93 ya maneno yote mwishoni. Wenzao waliopewa muda uleule bila kutunga walikumbuka asilimia 13 tu. Hao walikuwa watu wazima, lakini michezo ya kadi za hadithi inaegemea jambo hilohilo.

Kadi zenyewe hazihitaji kununuliwa. Chukua karatasi tatu za manila za ukubwa wa A4, kunja kila moja mara tatu, nusu kwa nusu, upate vipande vinane vya takriban sentimita 7 kwa 10. Kata, na una kadi 24: wahusika 8, mahali 8, vitu au matukio 8. Karatasi nyembamba haifai. Wino huonekana kwa nyuma, na baada ya siku mbili mtoto anajua kadi ipi ni ipi kabla ya kuifunua. Ikiwa huna manila, bandika picha kwenye boksi la biskuti, lakini paka gundi kidogo na uzilaze chini ya vitabu usiku kucha, la sivyo zitajikunja.

Chora picha zinazouliza kitu. Mpira ni mpira, basi. Mlango uliofunguliwa nusu, chungu kilichopasuka au mtumbwi mtupu unaoelea humfanya mtoto aulize nani kapita hapo, na hapo ndipo ubunifu unapoanza. Usiandike maneno kwenye kadi, maana neno hufunga tafsiri ambayo picha iliiacha wazi.

Mchezo unafaa watu wawili hadi wanne. Baada ya "Paukwa!" "Pakawa!", wa kwanza anafunua kadi, anaionesha kwa wote, anasema sentensi moja, kisha anailaza kifudifudi. Wa pili anarudia sentensi hiyo bila kutazama, anafunua kadi yake na kuendeleza. Kila zamu inaanzia mwanzo wa hadithi. Kadi zikiisha, mtoto anasimulia yote, akifunua kila kadi baada ya kuitaja ili ajihakiki mwenyewe. Msichague nani kashinda.

Kulaza kadi kifudifudi ndiyo sehemu ambayo watu wengi huiacha, na ndiyo inayofanya kazi kubwa. Kadi zikibaki wazi mezani mtoto anasoma picha tu. Zikifichwa, analazimika kulitafuta tukio kichwani, na huko kulitafuta ndiko kunakoliimarisha. Akikwama, subiri kama sekunde tano, kisha inua ncha ya kadi aone kidogo.

Anza na kadi tatu au nne kwa mtoto wa miaka minne, tano au sita kwa wa miaka sita. Ongeza moja tu, na tu pale ambapo amesimulia zote bila msaada mara mbili mfululizo. Ukimpa kumi siku ya kwanza, ataanza kubahatisha, kisha atakimbia.

Kasoro inayojitokeza zaidi ni hadithi ya "halafu... halafu... halafu". Hiyo ni orodha iliyovaa nguo za hadithi, na itasahaulika kama orodha. Muulize "Kwa nini?" au "Ikawaje baada ya hapo?" hadi atumie "kwa sababu", "lakini" au "kwa hiyo". Ila usimsahihishe anaposema samaki alipanda daladala. Kiungo cha ajabu mara nyingi kinakumbukwa vizuri kuliko cha kawaida, na mtoto anayekatizwa kila sentensi hujifunza kusema machache.

Tusidai makubwa kupita kiasi: mchezo huu haumfanyi mtoto akumbuke vizuri kila kitu, kuanzia namba za simu hadi majedwali ya kuzidisha. Kinachojengeka ni uwezo wa kupanga matukio, kuunganisha sababu na matokeo, na kusimulia hadi mwisho. Dakika kumi zinatosha kwa kikao kimoja. Kesho yake, kabla ya kuchanganya kadi upya, mwombe asimulie ya jana bila kadi. Akiruka tukio, tafuta kadi yake na umwachie ailaze mahali anapoona inastahili.