Mlezi si tarishi

Nikiitwa kusaidia kupanga huduma za dimensia, ugonjwa unaodhoofisha kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, katika eneo lolote, kitu cha kwanza ninachokabidhiwa ni orodha: kliniki ya kumbukumbu, ofisi ya ustawi wa jamii, kituo cha kutwa, kikundi cha walezi. Mara nyingi ni ndefu kuliko nilivyotarajia. Naiweka kando, naomba kukutana na mtu mmoja anayemuuguza mzazi au mwenzi wake nyumbani, anisimulie mwezi wake uliopita siku baada ya siku.

Hapo utasikia mengi. Daktari mmoja kaongeza dawa ya usingizi, yule wa shinikizo la damu hana habari. Maelezo yaleyale yanarudiwa kila dirisha, mbele ya mgonjwa mwenyewe, naye anasikia na kuumia. Huduma zipo, ila hazijuani, na anayeziunganisha ni mlezi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa ndugu na jamaa hutumia wastani wa saa 5 kwa siku kumhudumia mtu mwenye dimensia, na asilimia 70 ya saa za ulezi hutolewa na wanawake. Juu ya kuogesha, kulisha na kukesha, tumewaongezea kazi ya utarishi.

Kwa hiyo nadai kwanza mratibu: mtu mmoja, mwenye jina na namba ya simu, anayejulikana kwa familia tangu ugonjwa unapotambuliwa. Uskoti iliahidi hivyo tangu 2013: angalau mwaka mmoja wa msaada baada ya utambuzi, kupitia mtu wa kuwaunganisha na huduma. Si lazima awe daktari. Muuguzi au ofisa ustawi anatosha. Lakini apewe mamlaka ya kupanga miadi na kuuliza kwa nini rufaa imekwama. Asipokuwa nayo, mmeongeza dirisha jingine tu.

Pili, karatasi moja inayoeleza hali ya kawaida ya mgonjwa. Wapangaji huiona ndogo mno, mimi naipigania kuliko mfumo wowote wa kompyuta. Mtu mwenye dimensia akivurugika ghafla, ndani ya saa au siku chache, msikimbilie kusema ugonjwa umepanda. Huenda ana maambukizi, upungufu wa maji, choo kigumu, au dawa mpya haikupatana naye. Mengi ya hayo yanatibika. Sasa daktari wa zamu ambaye hajawahi kumwona atajuaje kama kutomtambua mwanawe kumeanza jana au mwaka juzi? Karatasi ndiyo itakayomwambia. Iandikwe mapema pamoja na mgonjwa, angali anaweza kusema anapenda kuitwaje, nini humtisha, na nani amwamulie mambo atakaposhindwa.

Halafu kuna saa. Vituo vingi vya kutwa hufunga alasiri, ilhali wagonjwa wengi huanza kuhangaika jua linapokuchwa: wanataka kwenda “nyumbani” wakiwa nyumbani, wanazunguka, hawalali. Msaada wa kumpokea mlezi zamu ukiishia saa kumi jioni, unamwacha pale pale mzigo unapoanza kuwa mzito. Ningependa msaada wa muda wa saa mbili jioni kuliko wa asubuhi nzima. Tena usisubiri mlezi aombe. Wengi huomba wakiwa wameshaanguka.

Kuhusu bajeti za idara mbalimbali sina mengi: zisipokaa meza moja, mratibu atazunguka kama mlezi alivyozunguka.

Niliwahi kuitisha mkutano wa kupanga haya yote, saa tatu asubuhi. Wataalamu walijaa, walezi hawakuonekana. Nilipowapigia simu jibu lilikuwa moja: hakuna wa kukaa na mgonjwa. Tangu hapo, mstari wa kwanza wa bajeti ya mkutano wangu ni malipo ya mtu wa kukaa naye.