Mkanda wa kiunoni si kinga ya mgongo

Katika viwanda vya vyuma na saruji utawaona wabebaji wamejifunga mkanda mpana kiunoni, wakiamini kwamba ukikazwa vizuri mgongo hauumii. Si kweli. Mwaka 1994 NIOSH, taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama kazini, ilipitia ushahidi uliokuwapo ikakataa kuupendekeza mkanda huo kwa wafanyakazi wasio na majeraha. Mkanda haupunguzi uzito wa mzigo hata kidogo, na huweza kumpa mtu ujasiri wa kubeba kisichobebeka.

Jambo linalosahaulika ni umbali wa mzigo kutoka mwilini. Kanuni ya NIOSH ya kuinua mizigo inaanzia kikomo cha kilo 23, tena mzigo ukiwa karibu na mwili, usawa wa viganja mikono ikining'inia, bila kujipinda. Mikono ikifika sentimita 50 mbele ya vifundo vya miguu, kikomo kinashuka hadi kilo 11.5. Na mfuko wetu wa saruji? Kilo 50!

Pesa ya mikanda (mabosi huipenda mikanda kwa sababu ni ya bei rahisi) afadhali inunue toroli. Hata kupanga mifuko juu ya mapaleti (majukwaa ya mbao ya kuwekea mizigo) matupu mawili matatu, isianzie sakafuni, humpunguzia mbebaji kuinama.