Mwanya wa lema haumfilisi mvuvi: uvumi ninaousikia kila bandari

"Ukishalitoboa lema, samaki wote watatoka." Kila ninapokaa na wavuvi wa malema, mitego ya samaki ya kusukwa, iwe Kilifi au Kwale, neno la kwanza ni hilo. Wanalisema wazee waliosuka malema tangu utotoni, na wanalisema vijana ambao hawajasuka hata moja. Nimelijibu bandarini, nimelijibu kwenye mikutano ya BMU, yaani vikundi vya wavuvi vinavyosimamia bandari, nimelijibu kwa simu usiku. Sasa nalijibu kwa maandishi, na kwa urefu, kwa sababu uvumi huu mmoja umechelewesha jambo jema kuliko uvumi mwingine wowote ninaoujua katika uvuvi wa mwambao.

Mwanya tunaouzungumzia, unaoachwa kwenye lema ili samaki wadogo watoke, si tundu. Ni ufa mwembamba uliosimama wima kwenye ubavu wa lema, upana sentimita 3, kimo sentimita 30. Anayesikia "tundu" anafikiria dirisha, anaona samaki wake wakimiminika. Huo si mwanya.

Mtazameni samaki kwa vipimo vitatu. Kuna urefu, mdomo hadi mkia. Kuna kimo, tumbo hadi mgongo. Na kuna unene, ubavu hadi ubavu. Jicho la kawaida la lema humzuia samaki kwa kimo chake: kitatange mdogo, mwenye kimo kikubwa na mwili mwembamba kama kigae, hanasuki kwa sababu mgongo na tumbo vinagonga. Mwanya uliosimama wima hauna habari na kimo. Unauliza unene tu. Kitatange anapita, kangaja mchanga anapita, tafi wa kiganja anapita. Changu aliyejaa, pono wa mezani na tafi mpana wa kuuzwa kwa kilo hawapiti, kwa sababu mbavu zao zinazidi sentimita 3. Hakuna muujiza hapo, ni umbo la samaki lenyewe.

Asiyeamini achonge kibao. Chukua ubao, ukate ufa wa sentimita 3 kwa 30, nenda nao bandarini siku malema yanapoinuliwa, kisha mpitishe kila samaki kwenye ufa huo kabla hajaingia kwenye ndoo. Wanaopita waweke huku, wanaobaki waweke kule. Halafu mwite mchuuzi apange bei ya kila fungu. Huu ndio ushauri ninaoupenda kuliko yote, na ninausisitiza hata kwa wasiotaka kunisikiliza, kwa sababu mvuvi anayeona kwa macho yake fungu la wanaopita hahitaji hotuba yangu. Fungu hilo huwa kubwa kwa idadi na dogo kwa pesa. Vitatange ndani yake hanunui mtu.

Majaribio yamefanywa, tena hapahapa. Watafiti wameweka malema yenye mwanya na yasiyo na mwanya kwenye maji ya ndani ya miamba ya Kenya, pamoja na wavuvi wenyewe, wakalinganisha. Samaki wachanga na wasio na bei walipungua, wastani wa ukubwa ukapanda, na pato la mvuvi halikuanguka. Kwenye eneo lililovuliwa sana lilipanda. Kule Curaçao, visiwa vya Karibi, mwanabiolojia wa bahari Ayana Elizabeth Johnson alichapisha mwaka 2010 matokeo ya kazi kama hiyo: samaki wasiokusudiwa walipungua hadi asilimia 80 hivi, na thamani ya mvuo sokoni haikupungua kwa kiasi cha kuhesabika. Bahari mbili tofauti, samaki tofauti, jibu moja.

Kwa nini mfuko hautoboki? Kwanza, kwa sababu niliyokwisha kuitaja: wanaotoka hawana bei. Pili, watu husahau kwamba lema si sanduku lililofungwa. Samaki huingia kwa mdomo na wengine hutoka kwa mdomo huohuo. Unachokiinua asubuhi ni walioingia ukitoa waliotoka. Lema nalo lina kikomo: likishasongamana, wanaoingia hupungua. Ukilijaza watoto wa kangaja waliomaliza chambo, umejaza nafasi ya changu ambaye angeingia alfajiri.

Na kuna hesabu ambayo mvuvi anaijua kwa mizani bila kuitia kwenye karatasi. Samaki akizidi urefu mara mbili, uzito wake huzidi kama mara nane, na mayai ya jike huzidi kwa kiasi hicho au zaidi. Tafi wa sentimita 15 unayemtia kwenye fungu la bei ya chini leo si nusu ya tafi wa sentimita 30. Ni sehemu moja kwa nane.

Nitasema pia gharama yake, kwa kuwa mvuvi akidanganywa mara moja hasikilizi tena. Mkundaji ana mwili mwembamba, na wa ukubwa wa kati anaweza kukuponyoka. Siku za mwanzo ndoo itaonekana nyepesi. Na mama karanga, anayenunua samaki wadogo kwa bei nafuu akawakaanga na kuwauza jioni, anaguswa kabla ya mtu mwingine yeyote. Huyu haitwi kwenye mikutano ya zana, na hilo ni kosa. BMU inayopitisha mwanya bila kumkalisha mama karanga mezani inamhamishia yeye hasara ya miezi ya mwanzo, na mimi sikubaliani na utaratibu huo hata kidogo.

Hapo ndipo mtu hunijibu: "Basi mimi huwachagua wadogo na kuwarudisha majini nikiinua lema." Nia njema, lakini mwangalie samaki huyo vizuri. Pua imechubuka kwa kujigonga kwenye macho ya lema, magamba ya ubavu yametoka. Akitoka kwenye maji ya kina, kibofu chake cha hewa kimevimba na hawezi kuzama. Anaelea juu, ndege wanamwona kabla hujashusha lema la pili. Mwanya humwachia chini, penye majani na mawe ya kujificha, akiwa mzima.

Wengine hupanua macho yote ya lema badala ya kuweka mwanya, wakidhani ni kitu kilekile. Sivyo. Jicho pana bado linamzuia samaki kwa kimo, kwa hiyo kangaja na kitatange wanabaki huku mkundaji mrefu mwembamba akiteleza nje. Mmebakiza wasiotakiwa mkaachia wanaotakiwa.

Kuhusu kuusuka: weka mwanya kwenye ubavu, mbali na mdomo, uanzie karibu na sakafu ya lema kwa sababu samaki aliyenaswa huzunguka akifuata kuta chini. Kingo zote mbili zifungwe fito ngumu, si ukuti wala mwanzi mwembamba. Mwanya ulioachwa bila fito hutanuka kadiri lema linavyokokotwa juu ya mawe, na sentimita 3 zikishakuwa 4 utapoteza samaki wa kuuzwa, kisha utarudi kuniambia kwamba mwanya umekufilisi. Pima kila unapolitengeneza lema upya.

Uvumi hauishii kwenye mwanya. "Lema ni zana ya mababu, haliharibu kitu." Nusu ya maneno haya nayakubali. Lema haliburuti, halilipui, wala halimuui samaki linapomnasa. Lakini lema la babu lilikuwa moja kati ya machache, kwenye mwamba wenye samaki wengi. Leo malema ni mengi, na mwamba wenyewe umejeruhiwa. Matumbawe mengi ya pwani yetu yalikufa kwa joto la mwaka 1998, na yanapojaribu kuota tena yanahitaji pono, tafi na kangaja wa kuula mwani usiyafunike. Ndio haohao mnaowamaliza wakiwa wachanga. Halafu kuna mazoea ya kung'oa matumbawe hai ili kulifunika lema au kulilemeza. Tafadhali, mawe yatoke nchi kavu, na lema likae kwenye mchanga au majani kando ya mwamba, si juu ya mwamba.

"Lema likipotea litaoza lenyewe." La mianzi, ndiyo, baada ya muda. La waya haliozi upesi, na waya uliofunikwa plastiki unadumu zaidi. Lema lililokatikiwa na boya linaendelea kuvua bila mwenyewe: anaingia samaki, anakufa kwa njaa, mzoga wake unakuwa chambo cha mwingine, na mkunga anaingia kula naye anakwama. Dawa ni rahisi na haina bei. Mlango mmoja wa lema ufungwe kwa kamba inayooza, ili lema likipotea mlango uanguke. Tumieni katani au uzi wa pamba. Msitumie usumba, kamba ya makumbi ya nazi, kwa kazi hii! Usumba ndio uliotumika kushonea mitepe, vyombo vya zamani vya mbao za kushonwa, kwa sababu unastahimili maji ya chumvi. Ukiufungia mlango, umeshindwa kabla hujaanza. Nailoni ni mbaya zaidi. Kamba ya katani uibadilishe kila ikianza kulegea. Usingoje ikatike na samaki wako ndani.

"Marufuku ya juya, wavu wa kukokota, na bunduki ya kuchomea samaki ni ya kuwaonea wanyonge." Kenya ilipiga marufuku zana hizo mbili kwenye gazeti rasmi la serikali mwezi Novemba 2001, na nakubali kwamba utekelezaji wake mara nyingi umemwangukia kibarua mvuta kamba, huku mwenye juya akibaki nyumbani. Hilo ni la kulalamikia, na mimi nalilalamikia. Lakini zana yenyewe haina utetezi. Juya linakokotwa juu ya majani ya bahari ambamo changu na tafi wanakulia, na linachukua watoto kwa wakubwa pamoja. Anayeumia kwanza ni mvuvi wa lema na wa mshipi, ambao ni wanyonge pia. Mtafiti Tim McClanahan na wenzake, waliofuatilia bandari za Kenya kwa miaka mingi, walionyesha kwamba palipoondolewa juya, pato la mvuvi lilipanda.

"Chandarua kinavua dagaa tu." Chandarua kikikokotwa kwenye maji ya goti huvua kila kilichozaliwa msimu huo. Mwaga kilichomo kwenye beseni jeupe lenye maji, subiri kitulie, utaona tafi wa urefu wa ukucha, changu wenye milia ambayo bado haijakaza rangi, na kamba wachanga wasioonekana ila macho. Na vyandarua vingi vimetiwa dawa ya jamii ya pirethroidi, ambayo ni sumu kali kwa samaki hata kwa kiasi kidogo. Kwenye hili sina subira, wala sitafuti lugha ya upole.

"Nyavu yangu ni inchi mbili na nusu, nimepima." Umepima vipi? Jicho halipimwi likiwa limelegea, wala halipimwi upande mmoja wa mraba. Livute mpaka likaze, upime fundo hadi fundo lililo mkabala nalo. Pimeni nyavu iliyotumika na iliyolowa, kwani nyingine hujikunja zikishafanya kazi, na ile mliyonunua dukani si ile mtakayokutwa nayo majini. Wengi wanaokamatwa bandarini hawakukusudia kuvunja sheria. Walimwamini muuzaji.

Mwisho, kamba mawe. Nimeambiwa zaidi ya mara moja kwamba jike mwenye mayai akikwanguliwa mayai yake anakuwa halali. Hawi halali. Mayai yale, yanayofika laki kadhaa kwa jike mkubwa, hayaishi yakishatengwa na mkia wa mama, kwa hiyo kumkwangua ni kuyaua yote ili kumficha mmoja. Wala hafichiki: chini ya mkia hubaki nyuzi laini zilizokatika ovyo, na afisa anayeijua kazi yake huziona akimgeuza tu. Wavuvi wa jimbo la Maine, Marekani, ambao kamba wao ni wa jamii nyingine, hukata alama ndogo ya umbo la V kwenye ubawa wa mkia wa jike mwenye mayai kabla ya kumwachia, na yeyote atakayemnasa baadaye akaiona alama hiyo hana ruhusa ya kumchukua, hata kama siku hiyo hana mayai. Ningependa sana BMU zetu zilijaribu jambo hilo. Kwa sasa, ukimkuta mwenye mayai ndani ya lema, mshike mgongoni, si kwenye ndevu, zisije zikakatika. Msogeze taratibu nje ya mlango huku mkia wake ukiwa umekunjwa ndani, umshushe kando ya mwamba ulipomtoa. Usimrushe kutoka kwenye mtumbwi.