Napoli kwa pesa za kuhesabu: wanayoamini wageni na hali ilivyo

Wapenzi wa kandanda wa Afrika Mashariki wanaijua Napoli kwa sababu ya Maradona. Wanaopanga safari ya Italia, hata hivyo, mara nyingi huiruka. Huenda Roma, Florence na Venice, kisha hurudi wakisema Italia haiingiliki kwa bei. Napoli ilianzishwa na Wagiriki takriban miaka 2,500 iliyopita, kwenye ghuba inayoangaliana na mlima Vesuvius, na kati ya miji mikubwa ya Italia ndio unaomfaa zaidi mtu mwenye pesa za kuhesabu. Ukifika huko, pesa hukutoka kidogokidogo: umekwenda makumbusho siku ambayo imefungwa, umepanda treni isiyo yako, umeketi mahali ambapo wenyeji husimama. Mengi ya makosa hayo yanatokana na maneno yanayorudiwarudiwa mtandaoni bila mtu kuyahakiki.

Dhana: Usipolipia tiketi ya ndege, hupati viza

Kanuni za viza ya Schengen, ndiyo ya kuingilia Italia, zinataka uthibitisho wa buking ya safari. Hazikulazimishi kununua tiketi kabla ya kujibiwa. Ombi likikataliwa, ada hairudi: euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Kuongeza hasara ya nauli juu ya hiyo ni kujiumiza bure. Bima ya safari lazima igharamie matibabu ya angalau euro 30,000. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Peleka mapema, ili jibu likitoka bado ukute nauli za bei nzuri.

Dhana: Treni ya Italia isiponunuliwa mapema inakuwa ghali

Hiyo ni kweli kwa treni za kasi tu. Kutoka Roma Termini hadi Napoli Centrale treni ya kasi hutumia saa moja na dakika chache, na bei yake hupanda kadiri siku inavyokaribia. Treni ya kawaida, iitwayo *regionale*, huchukua saa mbili na nusu hadi tatu. Nauli yake haibadiliki, iwe umenunua mwezi mmoja kabla au dakika kumi kabla.

Kosa kwenye *regionale* ni jingine. Tiketi ya karatasi lazima igongwe muhuri kwenye mashine ndogo iliyo kituoni kabla ya kupanda, na ile ya kwenye simu lazima uithibitishe kwa kubonyeza *check-in*. Mkaguzi akikukuta hujafanya hivyo anakupiga faini, na kusema ulikuwa hujui hakutakusaidia. Mabasi ya Napoli nayo ni hivyohivyo. Tiketi hununuliwa kwenye duka la *tabacchi*, lile lenye alama ya herufi T, na hugongwa ukishaingia.

Anayetua moja kwa moja uwanja wa ndege wa Capodichino hana haja ya teksi. Basi la Alibus linamfikisha Piazza Garibaldi, uwanja wa stesheni kuu, na bandarini kwa euro 5. Mkiwa watu wanne wenye mizigo, teksi inaweza kufaa, lakini tamka *tariffa predeterminata* kabla gari halijaondoka. Hiyo ndiyo nauli maalumu iliyopangwa na manispaa, na asiyeitaja husomewa mita.

Dhana: Jumapili ya kwanza ya mwezi kila kitu ni bure

Dhana hii ndiyo inayovuruga ratiba nyingi kuliko zote. Bure ya Jumapili ya kwanza ni ya makumbusho na magofu ya serikali tu. Humo mmo Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia, ambayo tiketi yake siku za kawaida ni kama euro 20, pamoja na Capodimonte, Palazzo Reale, Certosa di San Martino, na Pompei na Ercolano, miji ya Kirumi iliyofukiwa na mlipuko wa Vesuvius mwaka 79. Serikali hutoa pia bure hiyo tarehe 25 Aprili, 2 Juni na 4 Novemba.

Kanisa dogo la Sansevero, lenye sanamu ya Kristo Aliyefunikwa Shela ya mwaka 1753, ni mali ya watu binafsi. Jumapili ya kwanza unalipa kama siku nyingine, na bila kununua mapema mtandaoni huenda usiingie kabisa. Ziara za mapango yaliyo chini ya mji na bustani ya vigae ya kanisa la Santa Chiara nazo hulipiwa siku zote.

Kuna na suala la umati. Jumapili moja ya bure katika kiangazi cha 2024 Pompei iliingiza zaidi ya watu 36,000. Tangu Novemba mwaka huo pamewekwa kikomo cha watu 20,000 kwa siku, na tiketi huandikwa jina, kwa hiyo nenda na pasipoti au kitambulisho. Ushauri wetu: Jumapili ya bure itumie kwa Makumbusho ya Akiolojia, uwe mlangoni kabla hayajafunguliwa, na Pompei uilipie siku ya katikati ya wiki. Euro utakazookoa huko Jumapili hazilingani na saa utakazosimama kwenye foleni juani.

Na siku za kufungwa je? Msafiri aliyezoea Ulaya huihofia Jumatatu. Napoli mtego uko Jumanne na Jumatano. Akiolojia na Sansevero hufunga Jumanne. Capodimonte, Palazzo Reale na San Martino hufunga Jumatano. Asiyelijua hili hupoteza siku mbili kati ya nne alizonazo.

Dhana: Kadi ya mwanafunzi inashusha bei

Kwenye makumbusho ya serikali, kiingilio cha euro 2 ni cha raia wa Umoja wa Ulaya wenye miaka 18 hadi 25. Mwanafunzi wa Nairobi au Dodoma hulipa bei kamili, hata awe na kadi ya kimataifa. Walio chini ya miaka 18 huingia bure, wa taifa lolote, alimradi waonyeshe pasipoti.

Dhana: Bila viingilio hakuna cha kuona

Napoli mji wenyewe ndio kivutio. Barabara tatu za zamani zinazopita katikati yake, Spaccanapoli, Via dei Tribunali na Anticaglia, bado zinafuata mpangilio uliochorwa na Wagiriki kabla ya Kristo. UNESCO iliuweka mtaa huo wa kale kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1995, na kuupita hakuna tiketi.

Anzia Piazza del Gesù. Kanisa la Gesù Nuovo lina ukuta wa mawe yaliyochongwa kama ncha za almasi, na ndani yake marumaru za rangi hazina hesabu. Kuingia ni bure. Mkabala nalo ni Santa Chiara, kanisa lililoanza kujengwa 1310, likaungua kwa mabomu tarehe 4 Agosti 1943 na kujengwa upya. Ukumbi wa kanisa ni bure, na ua wa vigae ndio unaolipiwa. Ukifuata Spaccanapoli kwenda mashariki kisha ukakunja kushoto kwenye Via Duomo unafika kanisa kuu la San Gennaro, ambalo ukumbi wake mkubwa hautozi kitu.

Tahadhari mbili. Makanisa mengi hufungwa kuanzia kama saa sita na nusu mchana hadi saa kumi alasiri, kwa hiyo yatembelee asubuhi. Tena mabega na magoti yafunikwe. Khanga moja ndani ya begi inatosha, na wasio nayo wanalazimika kununua mtandio mlangoni.

Ukitaka kuuona mji wote kutoka juu, panda *funicolare*, treni ya kamba inayopanda mlimani. Ziko nne, na kongwe ni ya Chiaia, iliyofunguliwa 1889. Tiketi ni ya kawaida ya usafiri wa mjini. Ukifika Vomero, mtaa ulio juu ya kilima, tembea hadi uwanja ulio mbele ya San Martino. Hapo unaiona ghuba, Vesuvius na paa zote za mji wa kale bila kulipa. Halafu usirudi kwa treni, teremka kwa miguu kwa ngazi za Pedamentina, 414 kwa jumla, zinazokatiza katikati ya bustani na nyumba za watu. Kuzipanda wakati wa joto hatumshauri mtu.

Stesheni za metro Laini ya 1 nazo zilibuniwa na wasanii. Ya Toledo, iliyofunguliwa 2012, ina vigae vya buluu vinavyokufanya ujione uko chini ya bahari. Kwa vile tayari umekwishalipa nauli, shuka uitazame. Kutoka hapo mtaa wa Quartieri Spagnoli ni hatua chache tu, na huko kwenye Via Emanuele De Deo uko mchoro mkubwa wa Maradona, uliochorwa ukutani mwaka 1990.

Dhana: Mgahawani kunakomba pesa, afadhali mkate wa supamaketi

Anayekula mkate wa supamaketi Napoli anajinyima bure. *Pizza a portafoglio*, pizza ndogo inayokunjwa mara nne na kuliwa umesimama, ni euro 2 au karibu na hapo kwenye Via dei Tribunali na soko la Pignasecca. Margherita kamili mezani ni euro 5 hadi 8 katika sehemu nyingi. Hupikwa kwa dakika moja hadi moja na nusu kwenye tanuri la kuni lenye joto la zaidi ya nyuzi 400, ndiyo maana foleni husogea haraka kuliko inavyoonekana.

Kinachoongeza bili ni kiti. Kahawa kwenye kaunta ni euro moja na senti kidogo, na ileile ukiletewa mezani inaweza kufika maradufu au zaidi. Sehemu nyingi unalipa kwanza kwa keshia, unachukua risiti, unaipeleka kaunta. Mgahawani utaona *coperto*, tozo ya meza ya euro 1 hadi 3 kwa kila mtu. Wageni hudhani wameibiwa, lakini ni halali ikiwa imeandikwa kwenye menyu, basi isome kabla hujaketi. Bakshishi hailazimishwi. Maji ya bomba ni salama, jaza chupa yako.

Kwa Waislamu, hapa pana jambo ambalo miongozo mingi haiandiki. Unga wa pizza ya kweli ya Napoli ni unga, maji, chumvi na hamira tu, na pizza ya marinara ina nyanya, kitunguu saumu, oregano na mafuta. Lakini pizza ya kukaanga ya asili hujazwa *cicoli*, vipande vya nguruwe. *Taralli* za pilipili manga hukandwa kwa mafuta ya nguruwe, na *sfogliatella riccia*, andazi lenye matabaka, kwa kawaida pia lina mafuta hayo. Uliza hivi: *C'è strutto?* Yaani, kuna mafuta ya nguruwe?

Dhana: Treni yoyote ya Circumvesuviana inafika Pompei

Circumvesuviana, reli ya mkoa inayozunguka Vesuvius, ina matawi kadhaa, na stesheni yake ya Garibaldi iko ghorofa ya chini ya Napoli Centrale. Unayoitaka imeandikwa *Sorrento*, na kituo cha kushuka ni *Pompei Scavi – Villa dei Misteri*, baada ya kama dakika 35 hadi 40. Ukipanda ya Sarno, unazunguka upande wa pili wa Vesuvius na asubuhi imekwisha. Ukipanda ya Poggiomarino inayopita Torre Annunziata, shuka Torre Annunziata ubadilishe, au endelea hadi *Pompei Santuario* na uingilie lango la Piazza Anfiteatro.

Treni hizi hujaa. Panda Porta Nolana, kituo cha mwanzo kilicho mwendo mfupi kwa miguu kutoka Garibaldi, upate kiti. Begi livae kifuani, simu iwe mfuko uliofungwa. Vibaka hufanya kazi mlangoni, wakati watu wanaposukumana kupanda na kushuka.

Ukishuka utakutana na vibanda vyenye maandishi ya *info* na watu wanaouza ziara. Kata tiketi mtandaoni kwenye tovuti rasmi, au endelea mbele hadi dirisha la tiketi kwenye lango la Porta Marina. Begi kubwa kuliko sentimita 30 kwa 30 kwa 15 haliingii, ila kuna mahali pa kuliacha bure. Ndani mna mabomba ya maji ya kunywa, lakini kivuli ni haba.

Mwenye nusu siku tu aende Ercolano, dakika 20 hivi kwa treni hiyohiyo. Mji huo ni mdogo, na majivu ya moto yaliyotiririka kutoka Vesuvius mwaka 79 yaliufunika yakaganda kama jiwe. Ndiyo sababu ghorofa za juu na hata mbao za milango zimebaki. Saa tatu zinautosha.

Dhana: Artecard ni akiba kwa kila mtu

Kadi hii ya siku tatu huunganisha usafiri na viingilio: vivutio vya mwanzo ni bure, vinavyofuata vina punguzo. Kwa hiyo anza na vya bei kubwa. Ukitumia nafasi ya bure kwenye kiingilio cha euro 5, umeipoteza. Pia kadi ya *Napoli* haina Pompei, na anayetaka magofu anunue ya *Campania*. Anayekuja kwa makanisa, mitaa na makumbusho moja asinunue yoyote.

Dhana: Visiwani ni kwa matajiri

Capri, ndiyo, ni ghali. Procida haiko hivyo. Kwenda huko kuna vyombo viwili: boti ya kasi, *aliscafo*, inayoondokea Molo Beverello, na feri ya kawaida, *traghetto*, ya polepole na nafuu, inayoondokea Porta di Massa. Bandari hizo ziko mbalimbali, na tiketi ya moja haikusaidii kwenye nyingine. Angalia ubao wa saa za kurudi kabla hujatoka gatini Procida, kwa sababu ikiisha feri ya mwisho, kitakachobaki ni kulala kisiwani kwa bei utakayoikuta.